Na Wengineo

Upande wetu wa bara, nje ya kisiwa, ulikuwa na waheshimiwa watatu katika bunge la juu, na shida ya mama yangu ilianzia hapo, kwenye hiyo tatu. Hawakuwa wa kupigiwa kura. Walikuwa wateule, wale ambao vyama huwapeleka bungeni uchaguzi ukishapita. Mmoja aliwekwa kwa ajili ya wanawake, mmoja kwa ajili ya vijana, na wa tatu mpaka leo sijaelewa aliwekwa kwa ajili ya nani, ila alikuwa mzee na kanzu zake zilikuwa safi. Wa kwanza alikaa Mishomoroni, huko Kisauni, wa pili Changamwe karibu na uwanja wa ndege, wa tatu hapa kwetu Likoni. Hakuna aliyekuwa na mpaka. Ukimuuliza yeyote kati yao atakwambia yeye ni wa Likoni, wa Kisauni, wa Changamwe, wa kila mahali. Mama alipolisikia neno lenyewe mara ya kwanza aliuliza, "Wateule? Wateule wa nani?" Nilicheka. Siku hizo bado tulikuwa tunacheka.

Mimi nasomesha watoto katika chuo cha Kurani, Bofu, hapa hapa Likoni, kwenye chumba kilichoungana na nyumba yetu. Watoto huja baada ya shule, wamechoka, wana njaa, na mimi huwa mkali kupita inavyostahili. Miongoni mwa niwasomeshayo ni tofauti ya faradhi mbili. Kuna faradhi ya kila mtu, kama sala tano, ambayo hakuna atakayekufanyia. Na kuna faradhi kifaya, ambayo ni ya umma mzima, kama kumsalia maiti. Wakiifanya baadhi ya watu, imewaondokea wote. Asipoifanya hata mmoja, dhambi ni ya wote. Watoto huipenda sana ile ya pili, maana wanaona ina upenyo. Nimesomesha somo hilo miaka mingi kwa ulimi tu. Sikulijua mpaka ndugu yangu alipochukuliwa.

Ndugu yangu alikuwa fundi wa friji. Mtaa mzima ulimwita Fundi, na kwa kuwa friji za Bofu huharibika kila umeme ukirudi kwa kishindo, aliitwa sana. Alikuwa mcheshi, mvivu wa kuamka, mtu wa kuahidi kesho. Friji za watu zilikaa uani kwetu majuma, na wenyewe wakija kulalamika aliwatilia chai mpaka wakasahau walichojia. Nilikuwa nikimgombeza kwa hilo. Mama hakumgombeza. Alikuwa mwanawe wa kiume wa pekee, na baba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, kwa hivyo hata uvivu wake nyumbani kwetu ulikuwa na heshima yake.

Siku hiyo baada ya alasiri alikuwa ameifungua friji ya jirani mmoja, muuza samaki wa kukaanga wa nyumba ya nne kutoka kwetu. Aliitoa mlango, akaufungua mgongo, akaziweka skrubu kwenye kisahani cha chai ili zisipotee. Kisha akasema anakwenda dukani kununua waya. Duka liko kando ya kinyozi. Hakufika dukani. Gari jeupe lilisimama, wakashuka watu waliovaa kama watu wengine, wakamwita kwa jina lake la mtaani, akageuka. Wakamtia ndani.

Hapo kwa kinyozi kuna benchi la muuza kahawa, kuna mwanamke anayekaanga viazi karai, kuna vijana wasiokosekana. Saa kama hiyo mahali hapo hujaa. Wote waliona. Walikuja nyumbani mbio kutuambia, wakagombea kueleza, huyu anasema walikuwa wanne, yule anasema watano. Nikawauliza nambari ya gari. Wakatazamana. Kinyozi alidhani wa kahawa ameisoma. Wa kahawa alidhani vijana wameipiga picha, maana simu hazibanduki mikononi mwao. Vijana walidhani watu wazima wameishika. Wallahi, katika watu wote wale hapakuwa na hata mmoja aliyeisoma nambari ya gari lile. Niliwatukana siku ile, tusi ambalo mwalimu wa chuo hatakiwi kulijua.

Kituo cha polisi cha kwanza walisema hawana mtu kama huyo. Cha pili walisema hivyo hivyo, kwa upole zaidi. Tulikwenda hospitali. Tulikwenda kwenye vyumba vya maiti, mimi na mama, na kila mara droo ilipovutwa mama alisema bismillahi, na kila mara ikawa si yeye. Nilikuwa nashukuru. Baadaye, na hili nalisema kama lilivyo, nilifika mahali pa kutoshukuru. Mtu aliyekufa husaliwa, huzikwa, hufanyiwa hitima, na watu hula wali wakarudi makwao. Ndugu yangu hakuwa amekufa wala hakuwa hai. Majirani hawakujua waje na maneno gani, wakawa wanakuja na sukari.

Aliyetupa njia ni mama mmoja wa mjini anayefanya kazi ya kutetea watu, ana kiofisi chembamba juu ya duka la viatu. Alitusikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo lilikuwa geni kwetu. Kisha akasema, "Mama, kule bunge la juu kila kinachosemwa huandikwa. Jina la mwanao likitajwa mle ndani, serikali itatakiwa ijibu yuko wapi. Haiwezi tena kusema haimjui. Lakini litajwe jina lote, majina matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho. Mafundi ni wengi."

Mama alilibeba neno hilo kama mtu aliyebebeshwa yai. Njia nzima ya kurudi, kwenye feri pia, alikuwa akiyatamka midomoni yale majina matatu, la mwanawe, la mumewe na la mkwewe, mmoja hajulikani alipo na wawili wako makaburini. Tangu siku hiyo hakutaka kitu kingine. Hakusema tena anataka mwanawe arudi, pengine kwa kuogopa kuomba kikubwa. Alitaka jina litajwe. Alikuwako pia mheshimiwa wa kupigiwa kura, lakini hatukumwendea, kwa sababu watu walituambia tuanze na wateule, ndio wenye nafasi ya kuzungumza na wanyonge.

Tukaanza Mishomoroni. Mheshimiwa wa wanawake alitoka mwenyewe kutupokea, akamwamkia mama shikamoo, akamshika mikono yote miwili, akatukalisha kwenye makochi yenye nailoni bado. Mama alipomaliza kueleza, mheshimiwa alilia. Sisemi alijifanya analia; machozi yalimtoka, akajifuta kwa ncha ya mtandio. Tuliletewa juisi ya ukwaju. Nikajiambia, tumefika.

"Mamangu," akasema, "uchungu wako naujua, mimi nami ni mzazi. Lakini kiti changu ni cha kina mama. Nikisimama na jambo la kijana, mwenzangu wa vijana ataona nimemrukia kazi yake. Nendeni Changamwe. Nitampigia simu kuwa mnakuja."

"Kwani mimi si mama?" mama akauliza.

"Wewe ni mama. Lakini aliyepotea ni kijana."

Mama alikubali kwa kichwa. Alimshukuru mara mbili na akaimaliza juisi, kwa adabu. Mimi niliiacha yangu mezani.

Kule Changamwe tulisubiri mpaka adhuhuri. Mheshimiwa wa vijana alikuwa kijana kweli, mzaliwa wa huko, lakini alikuwa amesomea Nairobi na ulimi wake ulirudi umechanganyika. "Mathe, hii stori imenigusa, wallahi tena," alisema. "Hawa maboys wetu wanaisha. Nipe jina." Mama akajiweka sawa, akaanza kulitaja, na ndege ikapita juu ya bati. Ofisi yote ilitetema. Mheshimiwa akainua kidole, kama wanavyofanya wote wa huko, akasubiri ipite. Ilipopita alikuwa ameshaingia kwenye maneno mengine.

"Huyu boy ni wa Likoni," akasema. "Na Likoni tuna mzee wetu pale. Mimi nikiingia mtaa wake bila yeye, nitakuwa nimemkosea heshima. Si siasa, mathe, ni heshima tu. Mwone yeye kwanza. Yeye akisema sawa, mimi niko ndani."

Tulipotoka nje nilimwambia mama, huyu ametufukuza. Mama akasema hakutufukuza, ametuelekeza. Tukagombana hapo barabarani, mtu na mamake, juu ya tofauti ya maneno hayo mawili. Nilikuwa na hasira kwa sababu alikuwa mtulivu, naye alikuwa mtulivu kwa sababu hasira aliniachia mimi.

Mzee wa Likoni, ajabu yake, alikuwa jirani na alikuwa mgumu kuliko wote kumpata. Nyumbani hayuko. Ofisini yuko safarini. Mahali pa uhakika pa kumpata palikuwa matangani. Palipofiwa na mtu Likoni, yeye hakosi, na akija huja na mchele. Kwa hivyo ikawa tunangoja mtu afe, Mungu atusamehe. Akafa bwana mmoja mkongwe wa mtaa wa pili, akasaliwa, akazikwa, na jioni mzee akaja kuhani. Sisi tulikuwa huko tangu mchana, mama yuko jikoni na wanawake wanaopika. Alipomwona anaingia, alinawa mikono, akajitanda vizuri, akamwendea mlangoni akiwa bado ananuka moshi.

Mzee alimsikiliza amesimama, mkono kifuani. Hakumkatiza. "Bi mkubwa," akasema, "habari hii nimeisikia, na imenikaa hapa. Naamini wenzangu wameshaibeba. Bibi yule wa Kisauni aliniambia, kijana wa Changamwe aliniambia. Sasa tukiibeba watu watatu kwa mpigo, itaonekana ni vurugu. Tuwaache waibebe. Inshallah."

Hapo mimi ndipo uvumilivu uliponiishia. Nyuma yangu walikuwako watu waliotoka kumsalia maiti, miguu yao ina vumbi la makaburini, na mbele yangu mtu anayesema wenzake wameshabeba.

"Mheshimiwa," nikamwambia, "kwa hivyo jambo la ndugu yangu mmelifanya faradhi kifaya?"

Alinitazama, akatabasamu. Akauliza mimi ni binti wa nani, na alipoambiwa ni mwalimu wa chuo alifurahi kabisa. "Ahsante, mwalimu. Umelipatia neno lake. Mmoja wetu akifanya, imetuondokea sote."

"Na asipofanya hata mmoja?"

Akaiweka sawa kofia yake. "Inshallah atafanya," akasema, na akaingia ndani kuwapa mkono wafiwa.

Mama hakunisemesha mpaka tulipofika nyumbani. Nilidhani amekasirika kwa kumjibu mtu mkubwa matangani. Kumbe alikuwa anafikiri. Aliniambia, "Tumewaendea mmojammoja, ndiyo maana. Kila mmoja anamwona mwenzake mgongoni petu. Tuwapate pahali pamoja."

Walipatikana pamoja kwenye baraza lililoitishwa uwanja wa shule, hapa hapa Likoni, la kuzungumzia vijana na amani. Waliketi mbele chini ya turubai, wote watatu, bibi katikati, maji ya chupa mbele yao. Hotuba zilikuwa ndefu na jua lilikuwa kali. Wakati wa maswali ulipofika, mama alisimama kabla ya watu wote. Mshereheshaji, mmoja wa vijana wa hapo kwa kinyozi, alimjua, akamletea kipaza sauti mbio.

"Waheshimiwa wangu," mama akasema, na sauti yake ikatoka kubwa kwenye spika mpaka mwenyewe akashtuka. "Nimekuja kwenu nyote. Mmenipokea, hamkunivunjia heshima. Leo mko pamoja. Nataka mmoja wenu aniambie, mimi ndiye nitakayelitaja jina la mwanangu. Basi."

Waheshimiwa walisogezeana vichwa, wakanong'onezana. Yule bibi alikuwa anakubali, kijana anakubali. Kisha mzee akasimama. "Mama, tumekubaliana. Litatajwa."

"Na nani?"

"Na sisi."

Watu walipiga makofi. Walipiga kwa furaha ya kweli, wengine walisimama, akina mama walipiga vigelegele. Mama alikuwa bado ameinua mkono, anataka kuuliza tena, anataka angalau alitaje lile jina hapo mbele ya umati, lakini mshereheshaji alikuwa ameshakichukua kipaza sauti. "Ahsante sana, Mama Fundi!" akapiga kelele. "Makofi tena kwa Mama Fundi! Mama Fundi oyee!" Na umati wote ukaitikia oyee. Nilimtazama mama akikaa chini polepole. Hakuwa na furaha, ila tayari watu walikuwa wanampongeza.

Siku ya bunge lenyewe, majirani walikuja kwetu bila kualikwa. Mikeka ilitandikwa uani. Simu iliegemezwa juu ya ile friji ya muuza samaki, ambayo ilikuwa bado pale pale, haina mlango, mgongo wazi, kisahani cha skrubu juu yake kimefunikwa na bakuli ili paka wasikimwage. Mwenyewe muuza samaki alikuwapo, amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Kinyozi alifunga kibanda akaja. Mwanamke wa viazi karai alikuja na viazi. Ilikuwa kama siku ya kusikiliza mwezi umeandama au haukuandama.

Aliyesimama alikuwa kijana wa Changamwe. Uani kwetu watu walishangilia kabla hajafungua mdomo. Na alisema vizuri, siwezi kumnyima hilo. Alisema vijana wa pwani wanapotea, alisema kuna mama aliyesimama mbele yake akiwa na mkono juu, na niliona mama anauinua ule mkono kidogo bila kujijua, akaurudisha. Kisha akatoa karatasi, akaanza kusoma majina. La kwanza si yeye. La pili si yeye. Alisoma majina mengine, ya Kisauni, ya Kilifi, ya Kwale, Spika akamkumbusha kuwa muda wake umekwisha, akasoma moja tena kwa haraka, akaikunja karatasi.

"Na wengineo, Mheshimiwa Spika," akasema, akakaa.

Uani palilipuka. "Limetajwa!" mtu alipiga kelele. Wanawake walimkumbatia mama wote kwa pamoja, kanga zao zikamfunika kichwa. Mwanamke wa viazi karai alikuwa analia. Kinyozi akasema, "Nimelisikia kwa masikio yangu haya." Mama akachomoza kichwa kwenye zile kanga. "Lilikuwa la ngapi?" Kinyozi akasema la tatu. Wa kahawa akasema si la tatu, ni la mwisho, lile alilolisoma mbio. Muuza samaki akaapa, wallahil adhimu, kwamba lilikuwa la pili, na kwamba lilimsimamisha nywele.

Nilimwona mama akiwapitia nyuso mmoja baada ya mwingine. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe umelisikia?"

"Halikutajwa, mama."

Hakuna aliyenisikia isipokuwa yeye. Viazi vilikuwa vinagawiwa.

Tuliisikiliza tena baadaye, mimi na yeye, kwenye rekodi iliyokuwa ikizunguka kwa simu za watu. Tulilisikiliza kila jina. Yule mama wa kiofisi cha juu ya duka la viatu alipigiwa simu, akasema bila jina hana kitu cha kushika, twende tukalifuate tena. Tukalifuata. Bibi wa Mishomoroni alitutumia ujumbe wa sauti uliojaa dua: alhamdulillahi, mwenzangu amelisema, mzigo umetua. Kijana wa Changamwe aliongea na mimi mwenyewe. "Lakini nilisema na wengineo, sista," akaniambia, na alikuwa anashangaa kweli kwamba sielewi. "Yuko mle ndani." Mzee wa Likoni tulimngoja kwenye tanga lingine. Akasema Mwenyezi Mungu anawajua wengineo wote kwa majina yao.

Naye hakukosea. Ila mama hakuwa ameomba Mungu ajulishwe.

Lililoniuma zaidi si wao. Wao ni waheshimiwa, na sisi tumeshawazoea. Lililoniuma ni mtaa. Tangu siku ile sukari ilikoma. Watu walipokutana na mama njiani hawakuuliza tena kama kuna habari. Walisema, "Hongera, Mama Fundi, mambo yamefika juu," wakapita. Nyuso zao zilikuwa zimepumzika. Niliitambua ile sura, nimeiona kwa watu wanaotoka makaburini: jambo limefanywa, limetuondokea. Walikuwa wamemsalia ndugu yangu kwa neno ambalo halikumtaja, na wamekwenda zao kula.

Muuza samaki alikuja na mkokoteni na vijana wawili wa kumbebea. Ilikuwa asubuhi, nilikuwa napepeta mchele. Alibisha hodi kwa adabu zote, akaulizia afya, akaulizia usingizi wa mama, kisha akasema alilojia.

"Nimeona sasa mambo yameshafika bungeni, nisiwasumbue tena na friji yangu. Nimempata fundi wa Mtongwe ataimalizia."

"Hukutusumbua," mama akasema. "Ichukue."

Vijana waliinamisha friji, wakaifunga kamba pamoja na mlango wake, wakaitia mabegani. Mama aliondoa lile bakuli, akakishika kile kisahani cha skrubu kwa mikono miwili. Muuza samaki akanyoosha mkono kukipokea. Mama hakumpa.

"Siku ile uliapa kuwa umelisikia jina lake."

"Nililisikia, Mama Fundi. Wallahi."

"Litaje."

Alicheka kidogo, kama mtu anayedhani anataniwa. "Si Fundi?"

"Fundi si jina."

Niliuweka chini ule ungo wa mchele. Mtu yule alikuwa jirani yetu tangu ndugu yangu anatambaa. Alikuwa amekunywa chai uani mle mara zisizo na idadi, huku akiambiwa kesho, kesho. Nilimwona akitafuta kichwani, midomo inacheza, jasho linamtoka, na nikaelewa kwamba hakuwa amedanganya. Aliapa kuwa amelisikia jina ambalo hakuwahi kulijua. Wote waliapa hivyo. Katika ua ule uliojaa watu siku ya bunge, hapakuwa na hata mmoja ambaye angeweza kujua halikutajwa, isipokuwa mama na mimi.

"Silijui," akasema mwishowe, sauti ndogo.

Mama hakumlaumu. Alimtamkia, polepole, majina yote matatu. Akamwambia, "Haya, sema wewe." Akasema, akalikosea la tatu, la babu. Mama akamrudisha mwanzo, kama nifanyavyo mimi na watoto wa chuo wanapoteleza kwenye sura. Akaanza tena. Wale vijana wa mkokoteni walikuwa wamesimama na friji mabegani, hawajui watue au waondoke. Mara ya tatu akalisema lote, halina kosa, na lilipomtoka aliziba mdomo kwa kiganja.

Mama akampa kisahani. "Skrubu zake ziko zote," akamwambia. "Yeye hakuwa mtu wa kupoteza skrubu."

Kisahani kilirudi siku chache baadaye. Tulikikuta juu ya ukuta asubuhi, kimeoshwa, kitupu. Hakuna aliyebisha hodi. Mama alikiingiza ndani, akakipanga na vingine, akajitanda kanga yake na kutafuta viatu. Nilimuuliza anakwenda wapi mapema vile. Akasema anakwenda kwa kinyozi, maana naye aliapa kuwa amelisikia.